Gereji yenye mpangilio: hatua kwa hatua, kuanzia chuma chakavu hadi spana namba kumi

Fundi amelala chini ya gari, oili inamchuruzikia kiwiko, anapaza sauti: "Nipe kumi na saba!" Saidia fundi akiwa na bahati ananyoosha mkono na kumpa. Asipokuwa nayo, msako unaanza: kwenye boksi, chini ya benchi, ndani ya gari la pili, mfukoni mwa fundi aliyekwenda kunywa chai. Chukulia msako mmoja unakula dakika 5 na kwamba hutokea mara 12 kwa siku. Hiyo ni saa nzima, na kwa kuwa kila msako unasimamisha watu wawili, ni saa mbili za kazi ambazo hakuna mteja atakayezilipia.

Mwongozo huu ni wa mwenye gereji ya kawaida, yenye mafundi watatu hadi kumi, yadi ya udongo au saruji iliyopasuka, na stoo moja yenye kufuli. Njia yenyewe imetoka katika viwanda vya Japani, na Toyota ndiyo iliyoifanya ijulikane zaidi. Ina hatua tano: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Aliyewahi kupeleka mgonjwa katika hospitali ya umma Tanzania huenda ameziona ukutani kwa Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilifika huko kwa kuzunguka. Hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ilizitoa viwandani ikaziingiza wodini, na kuanzia 2007 shirika la Japani, JICA, likasaidia kuzieneza katika hospitali za Afrika. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za kwanza Tanzania. Kama wodi na stoo za dawa ziliweza kupangika kwa njia hii, yadi yenye magari manane haitashindikana.

Jambo moja kabla hatujaanza. Gereji nyingi huamua "kupanga" kwa kufagia. Jumamosi watu wanajitoa, wanapiga maji, wanachoma makatoni, panapendeza. Jumatano pamerudi vilevile. Vurugu ya gereji chanzo chake kikubwa ni vitu visivyo na mahali, au vyenye mahali ambapo kuvirudisha ni adha. Mtu aliyechoka, mwenye mikono ya grisi, atafanya lililo jepesi. Kwa hiyo kazi yako katika hatua zote tano ni hiyo moja: kurudisha kitu kuwe kazi ndogo kuliko kukiacha chini.

Kabla ya kugusa kitu

Usianze na gereji nzima. Chagua benchi moja la kazi na ukuta ulio nyuma yake. Eneo dogo likimalizika, mafundi wanaona kwa macho na mabishano yanapungua.

Piga picha kwa simu kutoka sehemu moja, kisha piga alama ya rangi chini hapo uliposimama. Picha za baadaye zote zipigwe ukiwa juu ya alama hiyo, la sivyo hutaweza kuzilinganisha.

Halafu chukua karatasi, chora ramani ya gereji: benchi, stoo, bomba la maji, kompresa, nafasi za magari. Kwa siku moja, mtu mmoja akae na kalamu, na kila fundi anapokwenda mahali achore mstari wa safari yake. Kufikia jioni karatasi imechafuka. Pale mistari ilipobanana ndipo miguu yako inapoishia. Mara nyingi utagundua njia nene kuliko zote inakwenda kwenye stoo, tena stoo yenyewe imefungwa na ufunguo uko kwa mwenye gereji, naye yuko Kariakoo ananunua spea. Tatizo hilo ni la bosi, na linatatuliwa kabla ya kumlaumu yeyote.

Jambo la mwisho hapa ni pesa. Mafundi wengi hulipwa kwa kazi: gari likitoka, wanagawana. Fundi wa namna hiyo ukimwambia apange spana kwa saa tatu, umemkata mshahara. Lipa muda huo. Weka posho ya siku ya kupanga, au ugharimie chakula na ufunge milango kwa nusu siku. Ukiogopa gharama hiyo, usianze, maana watapanga kwa kukuridhisha na kesho yake wataendelea kama jana.

Sasambua

Tandika turubai nje, toa kila kitu kilicho kwenye benchi, chini ya benchi na ukutani. Kila kitu, hadi ile ndoo ya nati mchanganyiko ambayo hakuna anayejua ilianza lini. Kukipanga kitu kikiwa palepale hakufai, kwa sababu jicho limeshakizoea na halikioni tena.

Kwenye turubai, tenga mafungu matatu: kinachotumika, kisichotumika, na kisichojulikana. Fungu la kwanza na la pili halina shida. Ugomvi wote uko kwenye la tatu, na hapo ndipo kadi nyekundu inapohitajika.

Kata katoni vipande vya ukubwa wa kiganja, vipake rangi nyekundu upande mmoja. Kila kitu kisichojulikana kifungwe kadi yenye jina la kitu, tarehe, kinadhaniwa ni cha nani, na jina la aliyeifunga. Kisha vyote viende kwenye kona moja iliyozungushiwa mstari. Wengine huiita kona ya hukumu. Muda wa hukumu ni siku 30. Anayekihitaji kitu anakichukua, anaandika nyuma ya kadi kimetumika wapi, kadi inarudi kwa msimamizi. Siku ya 30 ikifika, kilichobaki kinaamuliwa siku hiyohiyo: kuuzwa kama chuma chakavu kwa kilo, kupewa anayekitaka, au kutupwa. Mwenye gereji ndiye anayesema neno la mwisho, na aliseme mbele ya watu.

Kuna sentensi moja iliyojaza gereji zetu vyuma: "Usitupe, itakuja kufaa." Ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ngumu kuishinda. Altaneta mbovu kweli inaweza kutoa beringi, puli au kava. Basi itoe leo. Ifungue, chukua kinachofaa, kiandike kimetoka gari gani na injini gani, kiweke kwenye kisanduku chake, na mabaki yaende kwa mnunuzi wa chakavu. Altaneta nzima iliyolala miaka mitatu chini ya benchi haijawahi kumwokoa mtu, kwa sababu siku inapohitajika hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Sehemu kubwa ya takataka za gereji si mali ya gereji, na hapa inabidi kwenda taratibu. Spea kuukuu zilizotolewa kwenye magari ya wateja ni za wateja. Utaratibu mzuri ni kumwonyesha mteja spea aliyotolewa, kumuuliza kama anaichukua, na kuandika jibu kwenye kadi ya kazi kabla hajaondoka. Utapata faida mbili: benchi halijai, na mteja anaamini kwamba kweli ulibadilisha.

Magari yaliyotelekezwa ni jambo jingine kabisa. Usiyachune. Kesi nyingi huanza na "nilichukua betri tu." Kenya ina sheria mahususi kuhusu mali ambayo mwenyewe hakuja kuichukua, Sura ya 38, na uuzaji wake una masharti ya muda na taarifa. Kwingineko, anza na barua yenye tarehe, bakiza nakala, na upate ushauri wa mwanasheria kabla ya kuuza hata nati. Kwa mpangilio wako, inatosha gari hilo kusukumwa nyuma ya yadi, kufunikwa, na kuandikiwa kadi yenye namba ya usajili, tarehe liliyoingia na vitu vilivyomo ndani.

Betri zilizokufa zina risasi na tindikali. Ziuze zikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali, wala usimruhusu mtu kumwaga maji yake mtaroni. Oili chafu ikae kwenye pipa lenye mfuniko, peke yake. Ikichanganywa na petroli, maji ya rejeta au mafuta ya breki, mnunuzi wa maana ataikataa, na utabaki na pipa la lita 200 usilojua pa kulipeleka.

Seti

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kila kitu kilichopona kwenye turubai kinatafutiwa mahali kwa swali moja: kinashikwa mara ngapi? Kinachoshikwa kila saa kiwe umbali wa mkono. Cha kila siku kiwe hatua chache. Cha kila wiki kiende kabatini, na cha kila mwezi stoo. Vizito, kama giaboksi na vichwa vya injini, vikae kwenye rafu kati ya goti na kiuno, kamwe visiwe juu ya kichwa. Jeki na stendi zake zikae pamoja, karibu na nafasi za magari, kwa sababu jeki ikikaa mbali na stendi fundi atainua gari kwa jeki tupu na kuingia chini yake.

Kisha tengeneza ubao wa spana. Chukua plaiwudi nene isiyopinda, uilaze chini na uipake rangi nyeupe au njano. Ikikauka, panga spana juu yake hadi mafundi wakubaliane, wao wenyewe, si wewe. Zungushia kila spana mstari kwa makapeni, kisha jaza umbo hilo rangi nyeusi, upige misumari ya kuning'inizia. Spana inapotoka, kivuli chake kinabaki wazi. Huhitaji kuhesabu, unatazama ukuta mara moja jioni na unajua nini hakipo.

Mpangilio wa ubao usifuate ukubwa tu, ufuate kazi. Magari mengi yanayoingia gereji zetu ni ya Kijapani yaliyotumika, na hayo hufunguliwa zaidi kwa 10, 12, 14 na 17. Ziweke katikati, usawa wa kifua. Ya 13, 15, 16 na 18, ambazo magari ya Ulaya yanazipenda, ziende pembeni pamoja na funguo zake za nyota. Andika namba kubwa kwa rangi chini ya kila kivuli, kwa sababu namba iliyochongwa kwenye chuma inafutika au inafunikwa na grisi. Na nunua kumi zaidi ya moja. Namba 10 hupotea kuliko zote, duniani kote mafundi wanaitania, na bei yake ni ndogo kuliko muda wa kuitafuta.

Ubao unaonyesha kwamba spana haipo, ila hausemi iko kwa nani. Dawa yake ni vidani. Kata bati vipande vidogo vya mviringo, toboa tundu, mpe kila fundi vitano vya rangi yake. Akichukua spana, anaacha kidani kwenye msumari wake. Vidani vikimwishia, hana namna ila kurudisha kitu kimoja ndipo achukue kingine. Ni mtindo wa zamani viwandani, na unamaliza maswali ya "nani kachukua" bila daftari na bila kupandisha sauti.

Vipi kama kila fundi ana boksi lake la spana alilonunua kwa jasho lake? Gereji nyingi za mtaani ziko hivyo: mafundi ni kama wapangaji, wanashirikiana yadi na wateja. Usijaribu kukusanya spana zao kwenye ubao wa pamoja. Utawapoteza wao na spana zao. Ubao uwe wa vifaa vya gereji tu: pula ya beringi, kipimo cha kubana bolti, mashine ya kupima betri, funguo kubwa. Kwa boksi la fundi binafsi, msaidie kukata kipande cha sponji ya godoro kikae ndani ya droo, akichonge umbo la kila kifaa. Pia apake pete ya rangi yake kwenye mpini wa kila spana, ili ikiokotwa ndani ya gari la mteja ijulikane ni ya nani.

Nati na bolti za gari lililofunguliwa zina kanuni yake: gari moja, trei moja, namba ya usajili imeandikwa juu ya trei. Unapofungua kichwa cha injini, chora umbo lake kwenye kipande cha katoni, toboa matundu pale bolti zilipo, na kila bolti unayoitoa uichomeke kwenye tundu lake. Zitakaa wiki nzima gari likisubiri gasketi, na atakayelifunga anaweza kuwa fundi mwingine kabisa, asiikose ndefu wala fupi.

Upande wa spea, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli, lakini daftari lisilojazwa nalo huzaa uongo. Kwa spea zinazotoka sana, filta za oili, plagi, brekipedi za magari yaleyale, tumia visanduku viwili. Cha mbele ndicho cha kutolea. Kikiisha, unavuta cha nyuma kije mbele, na kile kitupu, chenye kadi ya jina la spea na idadi ya kununua, kinakwenda mezani kwa mnunuzi. Hapo manunuzi yanajiendesha. Kiasi cha kila kisanduku kilingane na matumizi ya siku zinazopita kati ya kuagiza na kupokea, ukiongeza kidogo kwa dharura. Duka la spea likiwa mtaa wa pili, huna sababu ya kulaza pesa kwenye filta 40.

Mafuta ya breki yanahitaji uangalizi wa peke yake. Yanavuta unyevu wa hewa mara chupa inapofunguliwa, na yakishakuwa na maji huchemka mapema, breki zinazama mguuni kwenye mteremko. Nunua chupa ndogo, andika tarehe ya kufunguliwa, na usiyahamishie kwenye dumu. Wenzetu wa Mombasa, Tanga na Unguja, ambako hewa ina maji muda wote, walizingatie hili mara mbili.

Sakafu nayo ina maana. Chora njia kwa rangi ya njano, pana kiasi cha kupitisha jeki ya magurudumu, na ndani ya njia hiyo pasilale kitu hata kwa dakika moja. Chini ya mtungi wa kuzimia moto chora mraba mwekundu usiowekwa chochote. Yadi ikiwa ya udongo, rangi haishiki. Tumia mawe yaliyopakwa chokaa au matairi yaliyofukiwa nusu.

Ukimaliza, fanya jaribio. Mwite mtu asiyefanya kazi hapo, hata mama anayeleta chai, mwambie: "Dada, naomba uniletee spana namba 14." Akiipata ndani ya sekunde 30, umeseti. Akisimama na kuuliza, lebo zako zinasomeka kwako peke yako.

Safisha

Hatua hii haina maneno mengi. Kusafisha ni kukagua. Anayefuta jeki ndiye anayeona inavuja, anayekunja mpira wa upepo ndiye anayeona umepasuka, na anayefungua koki ya chini ya tangi la kompresa kila jioni ndiye anayetoa maji yanayokusanyika ndani na kulila tangi kwa kutu. Oili iliyomwagika nyunyizia unga wa mbao kutoka kwa seremala, acha unywe, kisha fagia. Matambara yenye mafuta yawe kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na anayechomelea.

Fanyeni kila siku kwa dakika 10 kabla ya kufunga. Jumamosi nzima ya usafi ni dalili kwamba siku nyingine tano hazina usafi. Na mwenye gereji ashike ufagio, angalau wiki za mwanzo. Saidia fundi anatazama mikono ya bosi kuliko anavyosikiliza maneno yake.

Sanifisha

Baada ya wiki mbili tatu mtajua nini kinafanya kazi. Kiandikwe sasa, si kabla, na kiwe ukurasa mmoja ukutani. "Tunza mazingira yako" si agizo, ni pambo. Agizo linasema nani, nini, saa ngapi. Kwa mfano:

Saa 11:30 jioni
– Fundi wa nafasi ya kwanza: vidani vyote vimerudi, ubao hauna pengo.
– Fundi wa nafasi ya pili: jeki na stendi ziko kwenye mistari yake, njia ya njano iko wazi.
– Saidia fundi: koki ya kompresa imefunguliwa, unga wa mbao umefagiwa.
– Msimamizi: trei zote zina namba za magari, visanduku vitupu viko mezani.

Pembeni bandika picha ya benchi likiwa jinsi linavyotakiwa kuwa. Picha inamaliza ubishi ambao maneno yanauanzisha, na kijana aliyeletwa jana na mjomba wake kujifunza kazi ataelewa bila mtu kumsomea. Nafasi zote za magari zipangwe kwa mtindo mmoja, kizimia moto upande uleule, trei upande uleule, ili fundi akihama asianze kujifunza upya. Wakati huohuo jikague kwa jicho la sheria: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinamhesabu mwenye gereji kuwa mwajiri mwenye wajibu, hata kama anajiona ni fundi mwenzao tu.

Shikilia

Gereji zinazoanguka, nyingi huangukia hapa, na mara nyingi huanguka kwa mwezi wa pili, msisimko ukishaisha. Kosa la kwanza ni faini. Fundi anayejua atakatwa pesa kwa spana iliyopotea hatasema imepotea. Ataning'iniza kidani cha mwenzake, au ataleta spana nyingine ya ukubwa tofauti ajaze kivuli. Ukitaka kujua ukweli, kusema ukweli kusiwe na bei.

Kila Jumatatu, kabla ya gari la kwanza kuingia, zungukeni wote kwa robo saa. Kiongozi wa mzunguko abadilike kila wiki, hadi zamu imfikie saidia fundi. Anauliza maswali yaleyale: kuna kitu kisicho na mahali? Kuna mahali pasipo na kitu chake? Kadi nyekundu gani imepitisha siku 30? Nini kilituchelewesha wiki iliyopita? Kiongozi anasimama kwenye ile alama ya rangi, anapiga picha, na picha inabandikwa juu ya ya wiki iliyotangulia.

Halafu kuna vitu vikaidi. Bisibisi bapa imewekewa msumari ukutani, lakini kila jioni inakutwa juu ya tangi la kompresa. Msimamizi wa kawaida atafoka. Usifoke. Kitu kinachokataa kurudi mara tatu kimewekwa mahali pabaya, na pale kinapoangukia panakuonyesha mahali pake halisi. Nenda kaipigie bisibisi hiyo ndoano ubavuni mwa stendi ya kompresa, upake kivuli chake hapo. Nimeona mafundi wakorofi wakigeuka watiifu kwa ndoano moja iliyohamishwa, na nimeona ubao wa gharama kubwa ukigeuka pambo kwa sababu ulitundikwa karibu na ofisi, ili wateja wauone, badala ya kuwa karibu na magari.

Wape mafundi nafasi ya kubadilisha wanachokiona. Wajapani huita mabadiliko hayo madogo madogo kaizen, nayo huanza kwa mtu anayefanya kazi yenyewe: aliyechoka kuinama akafunga magurudumu chini ya trei, aliyechoka kutafuta funeli akaifunga kwa mnyororo kwenye pipa la oili. Wazo likikubalika, litekelezwe wiki hiyohiyo na mwenye wazo atajwe. Wazo likikaa mwezi mezani kwako, hutaletewa la pili.

Na wewe mwenyewe, bosi, usichukue spana ya ubaoni kwenda nayo nyumbani kutengeneza pampu ya maji. Ukiichukua, acha kidani. Kama huna kidani, kata bati lako.

Benchi la kwanza likikaa mwezi mzima bila pengo ubaoni wakati wa kufunga, ndipo uhamie eneo la pili. Mfuatano ninaoupendekeza ni kabati la spea, kisha nafasi za magari, kisha stoo. Yadi ya nyuma iache mwisho, maana huko ndiko kuliko na magari yenye barua, na hayo yataondoka kwa kasi ya wenyewe, si kwa kasi yako.